Kiburi, Unyonge na Unyenyekevu

Wako watu wanaodhani kuwa unyenyekevu ni sauti ya chini, macho yaliyoinamishwa na shingo iliyopinda. Kama ndivyo, basi kila aliyeonewa ni mnyenyekevu, na kila mwoga ni mtakatifu. Wazee wetu waliotumikia majumbani wakati wa ukoloni waliitwa “boi” hata walipokwisha kupata wajukuu, nao waliitika kwa upole. Haki haituruhusu kuuita unyonge ule wema wa roho. Wazee wale hawakujishusha, walishushwa.

Kwa Mkristo, mfano ulio mkuu umo katika Injili ya Yohana, sura ya 13. Usiku wa kuamkia mateso yake Yesu aliondoka penye chakula, akajifunga kitambaa kiunoni, akawaosha wanafunzi wake miguu. Katika nchi ile ya vumbi na viatu vya wazi, kazi hiyo ilikuwa ya watumwa. Lakini liko jambo ambalo wasomaji wengi hulipita mbio: kabla ya kusimulia habari ya maji, mwandishi anatuambia kuwa Yesu alijua ametoka kwa Mungu na kwamba anarudi kwa Mungu. Alikijua cheo chake, ndipo akainama. Tena usiku uleule, kwa habari ya sura ya 18, alipopigwa kofi katika baraza la kuhani, hakuubusu mkono uliompiga. Alidai kuelezwa kosa lake. Mtu mmoja, katika usiku mmoja, aliinama mbele ya wavuvi na kusimama wima mbele ya wakubwa.

Kiburi hufanya kinyume chake. Hujikunja kama jongoo mbele ya mwenye cheo, kikajitutumua kama chura mbele ya mwenye shida. Lugha yetu imekipa kiburi cha ofisini jina lake, umangimeza, na Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, katika kifungu cha 15, ulimkataza kiongozi majivuno na dharau. Katazo lile lilikuwa jema. Hata hivyo, amri yaweza kuiondoa dharau mdomoni, isiweze kuifuata moyoni ilikojificha.

Nami sisemi kama mtu aliyepona. Mwaka mmoja jalada lilipotea ofisini kwetu, nikamkaripia tarishi mbele ya masjala nzima, mtu aliyenizidi umri kwa miaka mingi. Hakujibu neno. Siku ya tatu nililikuta jalada lile katika mtoto wa meza yangu mwenyewe. Nilimwita tarishi, nikafunga mlango, nikamwomba radhi. “Yamekwisha, Bwana,” akasema. Nikarudi nyumbani mwepesi kama unyoya. Na, naona haya kuliandika, nilijipongeza kwamba mtu wa cheo changu ameweza kumwomba radhi tarishi. Nilimsimulia mke wangu, nikitumaini sifa. Akaniuliza: “Ulimkaripia wapi, na radhi umeiombea wapi?”

Swali lile liliniondolea usingizi. Kumbe nilikuwa nimelipa deni la hadharani kwa fedha ya sirini, nikabakiza heshima yangu yote mfukoni. Asubuhi nilisimama masjala na kusema yaliyokuwa kweli. Hayakuzidi maneno ishirini, lakini sijapata kubeba mzigo mzito kuliko ule. Hapo nilielewa kwa nini mfano wa Farisayo na mtoza ushuru, katika Injili ya Luka, sura ya 18, ni mtego kwa wasomaji wake: ni rahisi mno kuufunga ukurasa huku mtu akimshukuru Mungu kwamba yeye si kama Farisayo yule.

Nilidhani somo limekwisha. Lakini Petro naye alikuwa na kiburi chake usiku ule, nacho hakifanani na hicho changu cha kwanza: alikataa kuoshwa. Wengi wetu tu hodari wa kutoa, maana mkono unaotoa huwa juu. Kupokea kutoka kwa mtu tuliyemweka chini yetu ndiko kunakotuuma.

Mama yangu alipofariki, tarishi yule alikuja msibani mapema kuliko wakubwa wenzangu, akashika ndoo aende kuteka maji. Nikamzuia. Nilimwambia yeye ni mgeni, akae apumzike. Yalikuwa maneno ya adabu, lakini nilijua moyoni kwamba sikutaka kuwiwa na mtu niliyemkosea. Alinitazama kitambo. Siku hiyo hakuniita Bwana. “Mwanangu,” akasema, “niachie ndoo.”

Nikaiachia.