Je, Kuhakikisha ni Kukosa Imani?

Masomo: Yoshua 9:3–16, Mwanzo 23:12–16



Jumapili moja mwaka jana nilitoka Migori kwenda kuhudumu na wenzetu wa Homa Bay. Wakati wa ushuhuda, dada mmoja anayeuza omena alisimama akiwa na furaha nyingi. Alikuwa ameweka picha za omena yake kwenye Facebook. Mtu wa Nairobi akamwandikia kwamba ananunulia shirika linalolisha watoto, na anataka magunia kumi na mawili kwa shilingi 120,000. Ijumaa jioni ujumbe wa benki ukaingia kwa simu: hundi, ama cheki kama tunavyosema, imewekwa kwa akaunti yake. Ilikuwa ya shilingi 186,000. Mnunuzi akapiga simu akasema, "Mama, mhasibu wetu amejumlisha na pesa ya lori. Hiyo 66,000 mtumie dereva kwa M-Pesa, aje abebe mzigo Jumatatu."

Dada yetu akatuma. Kanisa lilipiga makofi. Mimi pia nilipiga, na nikamwombea.

Lakini wapendwa, nilisomea biashara chuoni. Nilipomsikia akisema "Ijumaa jioni" na "pesa imezidi," kuna kitu kilinigonga ndani. Nilijua hundi haifanyi kazi hivyo. Mbona sikumvuta kando baada ya ibada nikamuuliza? Niliogopa kuonekana mtu wa shaka. Nilijiambia, nani anauliza maswali juu ya baraka ya mtu?

Jumanne hundi ilirudishwa. Ilikuwa bandia, na ile 186,000 ikaondolewa kwa akaunti. Lori halikuja, kwa sababu yule mtu hakuwa na haja na omena hata kidogo. Alichotaka ni ile 66,000, ambayo dada alikuwa ameitoa kwa pesa yake ya biashara na mkopo wa chama. Kwa wiki saba hakuonekana kanisani. Amenipa ruhusa niandike haya bila jina lake, ili mwingine apone.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: je, kuhakikisha ni kukosa imani?

Tumwangalie Yoshua. Wagibeoni walimjia na mkate mkavu wenye ukungu, viatu vilivyoshonwa viraka na viriba vilivyochakaa. Wakasema wametoka nchi ya mbali. Viongozi wa Israeli walitazama ule mkate, wakaridhika, wakaapa bila kumwuliza Bwana. Baada ya siku tatu wakagundua kwamba hao ni majirani. Ushahidi ulikuwepo, ndiyo, lakini ulitengenezwa na yule yule aliyetaka kuaminiwa. Na ukweli uliwafikia baada ya siku chache tu, wakati kiapo kilikuwa kimeshatoka mdomoni.

Hundi ni vivyo hivyo. Unapoiweka benki, ile karatasi bado ni ombi tu. Benki yako inaiuliza benki ya aliyeandika: je, akaunti hii ipo, sahihi ni yake, pesa inatosha? Hundi ya hapa nchini huchukua siku moja au mbili za kazi kupata jibu. Ya nje ya nchi inaweza kuchukua wiki kadhaa. Katikati hapo unaweza kuona kiasi kimeandikwa kwa akaunti yako, lakini bado si chako. Tapeli anajua hayo. Ndiyo maana anapenda Ijumaa jioni, kwa kuwa Jumamosi na Jumapili zinampa nafasi ya kukuharakisha.

Sasa mtu ataniambia, "Pasta, si tunafundishwa kuamini kabla ya kuona?" Ni kweli, lakini tunamwamini nani? Tunamwamini Mungu. Hakuna mahali tumeagizwa kuwa na imani katika karatasi ya mtu tusiyemjua. Ibrahimu, baba wa imani, aliponunua shamba la kumzika Sara, alipima shekeli 400 za fedha mbele ya watu, kwa kipimo cha wafanyabiashara. Efroni hakumkasirikia kwa kupima, na imani ya Ibrahimu haikupungua kwa sababu ya mizani.

Kuna jambo lingine limenisumbua zaidi. Habari ilipoenea, baadhi yetu tulisema, "Ni tamaa ilimponza." Hapana. Fikirini alichofanya. Aliona pesa isiyo yake imezidi, naye akairudisha siku hiyo hiyo. Hiyo si tamaa, ni uaminifu. Mkora alijua mama huyu ni mwaminifu, akatumia uaminifu wake kama ufunguo. Ni sawa na wale wanaotuma ujumbe wa M-Pesa wa uongo kisha wanapiga simu wakilia, "Nimetuma kimakosa, tafadhali nirudishie, mtoto yuko hospitali." Wanatafuta mtu mwenye huruma. Asiye na huruma hawamwezi.

Je, tuwafundishe watu wetu wapunguze huruma? Mungu apishe mbali! Tuwafundishe kwamba uaminifu unaweza kungoja. Kama pesa si yako leo, Alhamisi bado haitakuwa yako, na utairudisha. Mwenye haki hapotezi kitu ukisubiri benki ithibitishe. Anayeumizwa na muda ni mwizi peke yake. Kwa hivyo mtu akikuambia "haraka, saa hii," hiyo haraka yenyewe tayari imekupa habari.

Basi tufanye hivi. Mtu akikulipa zaidi ya mliyokubaliana na kutaka zilizobaki umtumie mtu mwingine, usitume. Iulize benki yako, kwa kufika tawini ama kwa namba unayoijua wewe, siyo ile uliyopewa na mnunuzi: "Je, hii hundi imelipwa kabisa na haiwezi kurudi?" Ukiletewa hundi moja ya Kenya inayozidi shilingi milioni moja, jua kuna tatizo, kwa sababu tangu 2009 benki zetu hazipitishi hundi ya kiasi hicho. Kwa M-Pesa, angalia salio lako mwenyewe, usitegemee ujumbe. Aliyekosea kweli anaweza kupeleka ujumbe wake wa muamala kwa 456, na Safaricom watashughulikia. Na ukitapeliwa, iambie benki na polisi mara moja. Halafu tuambie na sisi.

Hilo la mwisho ndilo gumu. Zile wiki saba, dada yetu hakuikimbia benki. Alitukimbia sisi, kwa sababu ya maneno yetu. Nilienda nyumbani kwake na mzee mmoja wa kanisa, nikamwambia, "Mama, mimi nilijua, nikanyamaza. Nisamehe." Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Pasta, ungeniuliza tu swali moja." Kweli dereva alikuwa ameshatumiwa. Lakini jioni ile ile ya Jumapili, mnunuzi alimwomba aongeze 9,000 za mafuta, naye akaongeza. Hizo swali langu lingeziokoa.

Wapendwa, upendo unaonyamaza ili usiharibu furaha ya mwenzako haujakomaa. Jumapili hii ndugu akishuhudia muujiza wa pesa, tumshukuru Mungu pamoja naye. Baada ya ibada, mtu mmoja anayempenda amsogelee na kumwuliza polepole: "Imeshathibitishwa?"

Tuombe: Bwana, tupe moyo safi kama wa njiwa, na akili ya kupima. Mrudishie kila aliyeibiwa, na utusamehe tuliomcheka. Katika jina la Yesu, amina.

Mchungaji Msaidizi