Furaha Iliyowekewa Siku

Watu wengi hufikiri kuwa furaha ni kama mvua: huja ipendapo, huenda ipendapo, na kazi ya mwanadamu ni kuingojea tu. Wengine hufikiri kuwa furaha ni kama shamba: asiyelima hana haki ya kuuliza mavuno. Katika fikira hizi mbili, ipi iliyo kweli? Swali hili laonekana dogo, lakini jibu lake hugusa maisha yetu ya kila siku pamoja na wazazi, ndugu na jirani zetu. Nitalijaribu kwa mfano wa nyumba moja ninayoifahamu, kisha nitazipima hoja zinazoupinga mfano huo, ili msomaji aamue mwenyewe.

Londiani ni mji mdogo wa Kaunti ya Kericho, katika nyanda za juu za magharibi ya Kenya. Umekaa juu sana, karibu na misitu ya Mau, hata ukungu wa asubuhi huona uzito kuondoka na mtu mzima huota moto jikoni bila haya. Reli iliyofika Kisumu mwaka 1901 ilipita hapa, na chuo cha misitu kilichofunguliwa mwaka 1957 kimewafundisha vijana wengi kazi ya kutunza miti. Ukishuka kuelekea Kericho wakutana na mashamba ya chai yaliyotandikwa juu ya vilima kama mikeka ya kijani. Lakini Londiani kwenyewe watu wengi hulima viazi, mahindi na kabichi, na hufuga ng'ombe wa maziwa. Ni nchi ya watu wa kazi, na kazi haina desturi ya kumwuliza mtu kama anafurahi.

Nyumba ninayoisema ni ya baba, mama na watoto watano. Sitaitaja jina. Ni waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo Joseph Smith alilianzisha katika jimbo la New York, Marekani, mwaka 1830, na ambalo liliandikishwa rasmi nchini Kenya mwaka 1991. Watu wa nje wamezoea kuwaita Wamormoni, kwa sababu ya Kitabu cha Mormoni wanachokisoma pamoja na Biblia. Wenyewe hupenda kuitwa kwa jina kamili la kanisa lao. Baba alibatizwa alipokuwa kibarua Nairobi, akarudi nyumbani na imani yake kama wengine warudivyo na redio au baiskeli.

Watu hawa wana desturi ambayo viongozi wao waliianzisha mwaka 1915, nayo ni kuweka jioni moja katika juma iwe ya jamaa peke yao. Kwao ni Jumatatu. Ng'ombe wakisha kukamwa na kuku wakisha kufungiwa, wote huketi kuuzunguka moto. Huimba, husoma kidogo, huomba. Kisha kila mmoja, kuanzia mdogo, hutaja jambo moja jema la juma lililopita. Mara ya kwanza nilipoalikwa, mtoto wa miaka mitano alitangaza kuwa sasa aweza kufunga kamba za viatu vyake mwenyewe. Wote walipiga makofi, na baba aliinama akavitazama viatu vile kama fundi atazamavyo kazi ya fundi mwenziwe. Kaka yake alisema amemkama ng'ombe mkali peke yake bila kumwaga maziwa. Dada yao mkubwa alikuwa amemsomea bibi yake barua nzima bila kukwama. Mama alisema kuku wake ametotoa vifaranga tisa. Hizo ndizo zilizokuwa habari kuu za nyumba ile.

Kadhalika huziheshimu hatua za maisha. Mtoto azaliwapo hupewa jina na baraka mbele ya waumini, lakini habatizwi mpaka atimize miaka minane, umri ambao kwa imani yao mtu aweza kuanza kuyajibia matendo yake. Kwa hiyo siku ile mtoto huijua, huingojea, na hukumbuka hata shati alilovaa. Tena huamini kuwa mume, mke na watoto waweza kufungamanishwa hekaluni hata kifo kisiwatenganishe. Zamani Wakenya wa kanisa hili walisafiri mpaka Johannesburg kwa ibada hiyo. Mwaka 2025 hekalu lilizinduliwa Nairobi. Si lazima msomaji aishiriki imani hii ili aone mantiki yake: anayetumaini kukaa na mtu milele hana budi kuanza kumjua leo.

Nakiri kwamba usiku ule nilirudi kwangu nikiwa na shaka. Mimi ni mwalimu, maisha yangu huongozwa na kengele, na najua jambo ambalo kengele haliwezi. Huweza kumleta mwanafunzi darasani, haiwezi kumfanya apende somo. Basi je, furaha iliyowekewa siku na saa ni furaha, au ni wajibu uliovikwa nguo za furaha? Mtoto asiyekuwa na jambo jema la kusema Jumatatu, je, halazimiki kubuni? Hii ndiyo hoja ya kwanza, nayo si nyepesi.

Jibu nililipata shambani, wala si kitabuni. Mkulima wa viazi hawezi kuiwekea mvua siku, lakini huweka siku ya kulima, siku ya kupanda na siku ya kupalilia. Mvua ikija ikakuta matuta, huzaa. Ikija ikakuta majani, hupita. Wale waliosema furaha ni mvua na wale waliosema ni shamba wote walisema nusu. Jumatatu haimletei mtoto furaha. Humletea watu ambao mbele yao furaha yake yaweza kuonekana. Kamba za viatu zingefungwa hata bila ya jioni ile, lakini zingefungwa gizani. Na mtoto asiye na jambo jema? Niliona hilo pia. Mvulana mmoja alisema, "Juma hili sina." Baba akamjibu, "Basi kaa karibu nami, tutalitafuta pamoja." Hakuna aliyemlazimisha kubuni.

Wala desturi hii si ngeni kabisa katika nchi ya Wakipsigis. Yatazame majina yao. Kiprono na Cherono huzaliwa jioni, wakati mbuzi wanaporudi nyumbani. Kiprotich na Cherotich, wakati ng'ombe wanaporudi. Kiprop na Cherop, wakati wa mvua. Tena, katika mila yao ya zamani, wazee wa kike waliyataja majina ya wahenga mbele ya mtoto mchanga, na alipopiga chafya, jina lililokuwa likitajwa ndilo lililokuwa lake. Watu walioifanya saa ya kurudi kwa mbuzi kuwa jina la mtu, na chafya ya mtoto kuwa neno la kusikilizwa na ukoo, hawakungoja mambo makubwa ndipo waseme kuwa maisha yana thamani.

Hoja ya pili husema hivi: dunia ni nzito, watu wanateseka, na kushangilia vifaranga tisa ni utoto. Hoja hii niliiamini hadi Ijumaa ya tarehe 30 Juni 2023. Jioni ile lori lililobeba kontena lilipoteza njia katika njia panda ya Londiani, kwenye barabara kuu ya Nakuru na Kericho, likayavamia magari na watu waliokuwa kando ya barabara, wachuuzi na wasafiri. Watu wapatao 50 walikufa. Waliotoka asubuhi na vikapu vya mboga hawakurudi jioni, na wengi wao hawakuwa wameagana na jamaa zao kwa maneno yoyote ya maana, kwa sababu nani humwaga mtu anayekwenda sokoni?

Katika siku zile za msiba niliketi katika nyumba kadhaa, nikasikiliza. Sikumsikia mtu akimlilia marehemu kwa cheo chake wala kwa mali yake. Mmoja alisema, "Alikuwa akinibakizia ukoko wa ugali." Mwingine alisema, "Nikisikia wimbo wake njiani hujua maji ya uji yachemke." Mauti yalipopiga hesabu, yale tuliyoyaita madogo ndiyo yaliyokuwa mtaji mzima. Basi si utoto kuyatambua mambo haya watu wakiwa hai. Utoto ni kudhani kwamba yatangoja.

Nami nilikuwa mwenye dhana hiyo. Majuma machache kabla ya ajali ile, binti yangu aliniletea daftari ambamo alikuwa ameandika jina lake kwa mara ya kwanza, herufi moja kubwa, nyingine ndogo. Nilikuwa nikisahihisha mitihani. Nilimwambia, "Baadaye," bila kuinua uso. Baadaye ile sikuikumbuka mpaka niliporudi kutoka matangani. Nilimwomba anionyeshe daftari. Akanitazama kwa mshangao, akasema limekwisha kuchanwa kuwashia moto. Hakukasirika, na kutokasirika kwake kuliniuma zaidi, maana kulinionyesha kuwa alikwisha kuacha kutazamia. Nilikuwa nimesahihisha madaftari mia ya watoto wa watu, nikaukosa ukurasa mmoja wa mtoto wangu.

Lakini ipo hoja ya tatu, iliyo nzito kuliko zote. Je, jamaa iliyoshikamana sana haiwi ua unaowafungia wengine nje? Watu wa Londiani hawawezi kulipuuza swali hili. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, katika ghasia zilizoua watu zaidi ya 1,100 nchini Kenya, jirani waliwafukuza jirani zao hapa pia, na nyumba zilichomwa. Wengi katika wale waliochoma waliwapenda watoto wao. Yamkini walirudi nyumbani wakanusa moshi nguoni mwao, wakawapakata wadogo wao kwa upole. Basi upendo wa nyumbani peke yake si wema uliotimia. Mtu aweza kuwa baba mwema ndani ya mlango na adui nje yake. Wahenga walisema kuwa nyumba njema si mlango. Nami naongeza kuwa nyumba njema hujulikana kwa mlangoni pake, yaani kwa jinsi inavyompokea anayepita.

Kwa kipimo hicho niliitazama tena nyumba ya jirani yangu, na hapo palikuwa na jambo gumu. Kanisa lao hukataza pombe, tumbaku, kahawa na chai, kwa mafundisho waliyoyapokea mwaka 1833. Fikiri, msomaji, maana ya kutokunywa chai katika nchi ya Kericho! Hapa chai si kinywaji tu, ni salamu. Kuikataa ni kama kuuacha mkono wa mtu hewani. Mzee mmoja aliyepakana nao aliwaandalia chai walipohamia, na baba alipoikataa kwa adabu, mzee alinyamaza, akawa hawapitii tena. Alidhani wamejiona bora. Mwaka karibu mzima ua ule ulisimama, na haukujengwa na chuki bali na dini ya mmoja na ukarimu wa mwingine.

Mama wa nyumba ndiye aliyeubomoa. Mjukuu wa mzee alipozaliwa, alikwenda na unga na kuni, akasema, "Mzee, chai hatunywi, lakini mursik ya nyumba hii tumesikia sifa zake, na hakuna aliyetuonjesha." Mzee akacheka mpaka akakohoa, akaagiza kibuyu. Tangu siku ile huwekewa maziwa, naye mzee aendapo kwao hupewa uji na hulalamika kwa furaha kuwa hauna majani. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi jamaa ile hufunga milo miwili na thamani yake huitoa kwa wenye shida. Na Jumatatu moja mzee mwenyewe aliketi kati ya watoto, ilipofika zamu yake akasema, "Leo nimeamka, na mguu haukuniuma." Wakapiga makofi kama walivyopiga kwa kamba za viatu.

Kutokana na haya naona mambo matatu. Kwanza, furaha haiamriwi, lakini huandaliwa mahali. Na asiyeiandalia mahali asilaumu ikimpita. Pili, mambo madogo ya nyumbani si mapambo ya maisha bali ni kitambaa chenyewe, na heshima yake haifai kungoja matanga. Tatu, furaha ya jamaa huwa njema inapomfundisha mtoto kuifurahia hatua ya mtu asiye wa damu yake. Aliyezoea kumpigia ndugu yake makofi kwa jambo dogo amepata zoezi. Lililobaki ni kulivusha ng'ambo ya ua.

Nawe kijana usomaye haya, huenda ukawa bwenini, mbali na kwenu, ukidhani kuwa mambo haya ni ya wazazi na watoto wadogo. Jioni hii yuko mwenzako chumbani aliyefaulu hesabu iliyomshinda muhula mzima, na hakuna aliyemwuliza. Iko barua ya mama yako uliyoijibu kwa mistari miwili. Mimi sikuambii ufuate dini ya jirani yangu. Yangu si hiyo. Jumatatu nami huziweka kalamu kando. Binti yangu amekuwa mkubwa kidogo, haniletei tena madaftari bila kuitwa. Kwa hiyo mimi ndiye nimwitaye, na mara nyingine huja.