Eliya Chini ya Mti



Tusome tena Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Sura hiyo tuliifundisha darasani miaka mingi, na kila mara tuliukimbilia mlima Horebu, penye upepo na tetemeko na moto. Tulipita haraka mno pale chini ya mti, nabii Eliya alipoketi akaomba afe. Sasa nasi tu wazee, na hapo ndipo tunaposimama.

Mtaani kwetu yupo mzee seremala. Baadhi ya mabenchi tunayokalia kanisani ni kazi ya mikono yake. Shinikizo la damu lilimsumbua muda mrefu, na hatimaye moyo wake ukachoka. Watu wakisikia moyo umeshindwa kazi hudhani umesimama. Sivyo. Moyo unapiga, ila hausukumi damu ya kutosha. Maji hukusanyika mwilini, miguu huvimba, pumzi hupungua, na usiku mgonjwa hulala ameegemea mito mitatu. Mzee wetu hawezi tena kushika randa. Aliacha kuja barazani kucheza bao, akaacha kula, kisha tukaambiwa ameacha na vidonge.

Tulimwendea na Biblia mkononi, na tunaungama hapa kwamba tulimkemea. Tulimwambia Mkristo hakati tamaa, aongeze sala. Alitusikiliza kwa adabu, akageukia ukutani. Mkewe alitusindikiza hadi njiani bila kusema neno.

Muuguzi mmoja, ambaye zamani tulimfundisha kusoma, ndiye aliyetufundisha zamu hii. Alisema kati ya wagonjwa wa moyo wa namna hiyo, yapata mmoja katika kila watano ana ugonjwa wa pili, uitwao sonona. Si uvivu, wala si upungufu wa imani. Kuutambua ni kazi, kwa kuwa uchovu na kukosa usingizi huletwa na moyo pia, na kwa mzee sote husema ni uzee tu. Basi yafaa kumwuliza mambo mawili. Je, kwa majuma mawili haya umekosa furaha katika mambo uliyoyapenda? Je, umekuwa na huzuni au kukata tamaa karibu kila siku? Akikubali, daktari aambiwe. Na akisema anatamani kufa, asiachwe peke yake, na daktari aambiwe siku ile ile. Wenye magonjwa yote mawili hulazwa mara nyingi zaidi, na hufa mapema zaidi, kuliko wenye ugonjwa wa moyo pekee.

Wala tusidhani kidonge kimoja kitamaliza neno. Mwaka 2016 madaktari wa Ujerumani walitangaza kwamba dawa ya sonona waliyowapa wagonjwa hao haikushinda kidonge kisicho na dawa ndani yake. Mwaka mmoja kabla, huko Marekani, ilionekana kwamba mazungumzo ya utaratibu na mshauri aliyefunzwa yalipunguza huzuni, ingawa hayakuutia moyo nguvu. (Aliyepewa dawa na daktari wake asiiache kwa sababu ya ukurasa huu!)

Malaika hakumhubiria Eliya. Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale, akarudi mara ya pili. Hiyo mara ya pili ndiyo inayotuhukumu, maana sisi huenda mara moja, tukaandika jina katika daftari la wagonjwa, basi. Tena Eliya alikuwa amemwacha mtumishi wake Beer-sheba, akaingia jangwani peke yake. Mungu hakumwacha vivyo hivyo. Baadaye alimpa Elisha.

Basi tumerudi. Muuguzi alimfikisha kwa daktari. Akina mama humpikia kwa chumvi kidogo sana, ingawa wengine walinung'unika kuwa hicho si chakula. Mjukuu humhesabia vidonge na kumpima uzito kila asubuhi, kwani kilo zikipanda ghafula kwa siku mbili tatu, hayo ni maji, na zahanati ijulishwe. Padre humpelekea Sakramenti Takatifu.

Kazi yetu sisi ni kukaa naye. Mara nyingine hasemi kitu saa nzima, nasi twanyamaza. Alhamisi iliyopita aliomba bao liletwe. Alicheza mchezo mmoja, akachoka, akauliza kama tutakuja Jumamosi.