Nia Njema na Ujuzi wa Kufunza

Alhamdu lillahi, wa baad. Wako watu wasemao kwamba kumsomesha mtoto kipofu au kiziwi ni jambo la huruma tu: mwenye imani na alisimamie, wala hapana haja ya kwenda kujifunza kazi hiyo. Kauli hii ina sura ya dini, lakini yataka kuangaliwa.

Huruma ni asili ya kazi, hapana aikataaye. Lakini Suratu Abasa iliteremka kwa sababu ya kipofu, Abdullahi bin Ummi Maktum, aliyekuja kutaka ilimu. Ikabainika kuwa mtafuta ilimu hapuuzwi kwa kukosa macho. Basi ilimu ni haki yake, si sadaka. Na haki haitimizwi kwa nia peke yake: mwenye deni hawi amelipa kwa kunuia kulipa.

Mtu atasema: Vipofu wangapi wamehifadhi Kurani kwa masikio, na walimu wao hawakusomea kazi hiyo? Ni kweli. Lakini kuhifadhi ni mlango mmoja, na kujisomea ni mlango mwingine. Louis Braille, kipofu wa Ufaransa, alitoa mwaka 1829 maandishi ya nukta nundu, zisizozidi sita kwa kila alama, yasomwayo kwa ncha za vidole. Kiarabu nacho huandikwa hivyo, na husomwa kutoka kushoto kwenda kulia. Mwalimu aliyezeeka na msahafu, akipewa ukurasa huo, ni kama asiyejua alifu. Atamwongozaje mwingine?

Ama kiziwi, mlango wa sikio umefungwa kwake. Asiyejua lugha ya alama humpigia kelele, kisha humpiga bakora, kisha humwita mpumbavu. Na upungufu ni wa mwalimu. Mafakihi wameikubali ishara ya bubu ifahamikayo katika kuuza na kununua, yaani ishara ni maneno. Na maneno hayafahamiki ila kwa kujifunza.

Tena katika fikihi, atibuye watu pasi na kujua tiba hudhaminishwa alichoharibu. Je, akili ya mtoto ni duni kuliko mwili wake?

Mafunzo yenyewe yapo: Nairobi kuna chuo cha serikali cha elimu maalumu kilichoanzishwa mwaka 1986, na Tanzania kuna chuo cha Patandi, Arusha. Yawapasa wasimamizi wa vyuo vya Kurani kumpeleka japo mwalimu mmoja, na kuwatazama watu wake muda awapo masomoni. Nia njema ndiyo imtoayo mtu nyumbani kwenda kujifunza. Ikimkalisha, imegeuka udhuru. Wallahu aalam.