Nahodha Aliyeacha Usukani
(Mawaidha juu ya Amana)

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyeyafanya maji yachukue mizigo ambayo mabega ya wanaadamu hayawezi kuichukua. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, ambaye watu wake walimwita Mwaminifu kabla hajawa Mtume, na ziwashukie jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu zangu Waislamu, sisi ni watu wa pwani; chombo na nahodha si habari ngeni kwetu. Na katika Surat Ibrahim Mwenyezi Mungu ametutajia merikebu na mito mahali pamoja, akatujulisha kuwa vyote viwili amevitiisha kwa manufaa yetu. Basi leo nataka kuwaeleza niliyoyaona katika mto mmoja wa Marekani. Siyaelezi kwa kuwastarehesha kwa habari za safari. Nayaeleza kwa kuwa ukingoni mwa mto ule nalikumbushwa kosa langu mwenyewe, nami napenda mwenzangu ajionye kabla hajafikwa na yaliyonifika.

Mwana wa dada yangu anakaa New Orleans, mji ulio juu ya mto Mississippi. Mto huo watoka kaskazini, katika jimbo la Minnesota, ukashuka mwendo wa zaidi ya kilomita 3,700 hata ukamwagika katika Ghuba ya Meksiko. Nalipomzuru, kila siku baada ya sala ya Alasiri alinivusha ng'ambo, mtaa uitwao Algiers, kwa jina la mji mkuu wa Aljeria. Tukaketi juu ya boma la udongo lililojengwa kuzuia mafuriko, tukatazama vyombo vikipita mpaka jua likakaribia kuchwa.

Pale mto hupinda kama kiwiko cha mkono, na kina chake chakaribia mita 60. Merikebu za baharini hupanda na kushuka, na baina yao hupita matishali. Nanyi mwajua tishali ni chombo gani: ni bapa, halina mtambo wala nahodha wake, laenda lipelekwapo. Kule hayakokotwi kwa kamba kutoka mbele. Hufungwa pamoja kwa nyaya za chuma, kisha stima ndogo yenye omo pana ikayasukuma kutoka nyuma. Tishali moja la kawaida la mizigo mikavu huchukua tani kama 1,500, na sehemu ya chini ya mto ule stima moja yaweza kusukuma matishali 30 na zaidi. Tishali kubwa la mafuta huchukua mapipa kama 30,000; na likiwa gatini likipakia au kushusha, hutwekwa bendera nyekundu mchana na taa nyekundu usiku, ili kila apitaye ajue kuwa hapa pana hatari.

Nalistaajabu kuona kitu kidogo kikiongoza kitu kikubwa namna ile. Mwana wa dada yangu akaniambia: "Mjomba, ustaajabu pia kwamba hakisimami upesi. Msafara mzito ukiisha kushika mwendo, hata mtambo ukirudishwa nyuma, utakwenda zaidi ya kilomita moja kabla ya kutulia. Kwa hiyo mwenye usukani lazima aone mapema, na aamue mapema." Akanionyesha na taa ambazo serikali imeziweka kwenye pindo lile: mto unapojaa na mkondo kuwa mkali, taa nyekundu huzuia chombo na ya kijani hukiruhusu, ili vyombo vikubwa visikutane katika kona.

Kisha akanihadithia jambo lililotokea katika mji huo huo, usiku wa tarehe 23 Julai 2008. Stima moja ilikuwa ikisukuma tishali lililojaa mafuta mazito. Ikakata njia mbele ya merikebu kubwa iliyokuwa ikishuka mto. Wale wa merikebu wakaiita kwa simu ya upepo, wasipate jibu. Merikebu ikaligonga tishali na kulipasua, na mafuta zaidi ya galani 250,000 yakamwagika mtoni. Mto ukafungwa kwa siku kadhaa, na merikebu nyingi zikangoja. Na kwa kuwa watu wa huko hunywa maji ya mto huo, miji iliyo chini ililazimika kufunga milango ya kutekea maji.

Palipofanywa uchunguzi, iliulizwa: Nani alikuwa usukanini? Jibu likawa: mwanafunzi. Alikuwa na cheti cha kujifunza tu, kisichomruhusu kuongoza chombo ila awe chini ya macho ya nahodha mwenye cheti kamili. Na nahodha je? Nahodha hakuwamo chomboni. Alikuwa ameshuka pwani kwa shughuli zake, akamwachia kijana stima, tishali, mafuta, na mto mzima. Sheria ya nchi ile yamkataza mwenye kuongoza stima za namna hiyo kufanya kazi zaidi ya saa 12 katika saa 24. Na kijana aliyeachwa peke yake atapokewa zamu na nani? Baadaye nahodha yule alikiri kosa lake mahakamani.

Ndugu zangu, nalipoisikia habari hiyo nalinyamaza muda mrefu. Mwana wa dada yangu alidhani nimechoka. Sikuwa nimechoka. Nalikuwa nasikia sauti ya mtu mmoja ikiniuliza swali aliloniuliza miaka mingi iliyopita.

Nami nitawaeleza, ingawa ni aibu yangu. Katika ujana wangu wa kusomesha nalikuwa na chuo cha Kurani chenye watoto wengi. Nikaanza kualikwa khitma na nikahi, na kila penye mwaliko pana chakula na bahasha. Asubuhi nikawa namwachia chuo mwanafunzi mkubwa, tuliyezoea kumwita khalifa, naye umri wake ni miaka 16. Siku moja kijana yule, amechoka na kelele na hana wa kumsaidia, alimpiga mtoto wa miaka saba hata mkono ukavimba. Jioni baba wa mtoto akaja. Hakugomba. Aliniuliza: "Mwalimu, ulikuwa wapi?" Nikamwambia: "Nalikuwa khitmani." Akasema: "Mimi sikumkabidhi mwanangu kwa mtoto mwenziwe. Nalimkabidhi kwako." Akamchukua mwanawe, asirudi tena.

Nami nikafanya nini? Nikamfukuza khalifa. Nikawaambia watu kuwa kijana yule ni mkali, hana adabu ya kusomesha. Na watu wakanisadiki. Fimbo haikuwa mkononi mwangu, nikadhani na lawama haimo shingoni mwangu.

Haya sasa tuitazame sheria yetu, tuone kama udhuru ule wasimama. Imamu Nawawi na wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wametufundisha kuwa wakili hana ruhusa ya kumwakilisha mtu mwingine bila idhini ya aliyemwakilisha, ikiwa kazi yenyewe aweza na yamfaa kuifanya mwenyewe. Na katika mlango wa amana wamesema: mtu akiwekewa mali ya mwenziwe, naye akaenda kuiweka kwa mtu wa tatu bila idhini wala udhuru, basi huwa dhamana juu yake, ikipotea, atailipa. Na akiwa na udhuru, kama safari, hapewi ruhusa ya kuitupa kwa yeyote amwonaye karibu. Airudishe kwa mwenyewe au kwa wakili wake. Asipowapata, kwa kadhi. Na asipompata kadhi, ndipo kwa mtu mwaminifu. Tazameni jinsi sheria ilivyopanga daraja baada ya daraja, na jambo lenyewe ni mfuko wa fedha tu! Je, mtoto ambaye baba yake amemshika mkono mpaka mlangoni pako?

Na katika Surat Al-Ahzab tumeelezwa kuwa amana ilipelekwa kwa mbingu na ardhi na milima, vyote vikaogopa kuichukua, na mwanaadamu akaichukua. Na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipoulizwa jinsi amana inavyopotea, alijibu kwa maana ya kwamba hupotea pale jambo linapotiwa mikononi mwa wasio wenyewe. Basi si wizi tu unaopoteza amana. Hupotea pia mtu mwema anapochoka nayo, akamsukumia aliye chini yake, kisha likiharibika akamlaumu huyo.

Sisemi kuwa mwanafunzi asishike usukani. Hasha! Asiposhika hatajifunza, na kesho hatutakuwa na manahodha. Nalimuuliza mwana wa dada yangu, akaniambia kuwa katika stima zile vijana huongoza kila siku. Lakini nahodha yupo, macho yake yako mtoni. Hayo ndiyo niliyoyavunja mimi. Khalifa hakuwa kosa. Kosa lilikuwa kiti changu kitupu.

Nanyi wenzangu, kila mtu na aangalie chombo chake. Wewe mwangalizi wa wakfu, uliyemwachia karani daftari na ufunguo, na huna habari kodi ya nyumba ya msikiti imekwenda wapi: ulikuwa wapi? Wewe baba, unayetoka alfajiri na kurudi barazani usiku, ukamwachia mama peke yake malezi ya watoto, na mama akichoka akawaachia simu ya mkononi: ulikuwa wapi? Usiseme kuwa riziki ilikushughulisha. Riziki ni udhuru katika saa za kazi. Saa za barazani si udhuru. Na kumbuka maneno ya yule kijana: msafara mzito hausimami upesi. Mtoto akiisha kushika mwendo, utapiga mbiu na kupiga kelele, naye ataendelea kwenda mpaka agonge. Shika usukani leo angali mdogo.

Nalirudi nyumbani, nikamtafuta yule khalifa. Sasa ni mtu mzima, mvuvi, ana watoto wake. Nalimwomba radhi kwa kumbebesha mzigo wangu, na kwa maneno niliyoyasema nyuma yake. Alilia, akanisamehe, Mwenyezi Mungu amlipe kheri. Baba wa yule mtoto amekwisha kufa. Basi nalikwenda kwa mtoto mwenyewe, ambaye leo ana ndevu. Hukutana naye njiani, huitikia salamu yangu, lakini msikitini simwoni. Nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia: "Nitafikiri, Mwalimu." Nami sina haki ya kumharakisha. Namngoja, na kila asubuhi niko chuoni kabla ya mtoto wa kwanza kufika.

Ewe Mola wetu, Uliyetupa amana tusizozistahiki, tusaidie kuzichunga. Tusamehe zile tulizozipoteza, na uwalainishe nyoyo waliodhulumiwa kwa ajili ya kughafilika kwetu. Usitufanye katika wale watakaoulizwa Siku ya Kiyama walikuwa wapi, wakakosa jawabu. Amin.