Nafuu ya Nini?

Mwaka jana nilifanya kibarua miezi mitatu katika kiwanda kimoja cha plastiki. Kazi yenyewe kufunga vifuniko. Kutwa nzima vifuniko! Nilipolalamika kijiweni, mshikaji wangu akanituliza: "Shukuru Mungu, bwana. Wenzio wa zamani waliteswa. Siku hizi kuna nafuu." Neno hilo limenikaa kooni hadi leo. Nafuu ya nini?

Hebu tuwatazame hao wa zamani. Mwaka 1771 Richard Arkwright alijenga kiwanda cha kusokota nyuzi za pamba kwa nguvu za maji huko Cromford, Uingereza. Kabla ya hapo watu wengi walisokota nyumbani kwao. Umechoka, unapumzika, njaa ikibisha hodi, unakazana. Cromford ikaja na zamu za saa 12, usiku na mchana, watoto wakiwemo. Hadi mwaka 1833 ndipo sheria ilipokataza watoto wa chini ya miaka 9 katika viwanda vingi vya nguo. Na waliovunja mashine za kufumia kwa hasira? Mwaka 1812 Bunge lilipitisha adhabu ya kifo. Yaani roho ya mtu rahisi kuliko mashine!

Baadaye ikaja awamu ya pili, ya chuma cha pua, umeme na petroli. Mwaka 1913, huko Highland Park, Marekani, Henry Ford alianza kuunganisha magari kwenye mstari unaotembea. Gari linamfuata mtu, mtu habanduki alipo. Kazi iliyokula zaidi ya saa 12 ikawa ya saa moja na nusu hivi. Lakini watu waliichoka, wakawa wanaacha kazi makundi kwa makundi. Mwaka 1914 Ford akatangaza dola 5 kwa siku ya saa 8. Tena akatuma wakaguzi majumbani kuona kama mfanyakazi anakunywa pombe na kama nyumba ni safi, ndipo aipate yote.

Sasa tusidanganyane. Mtoto aliyelala kitandani kwake ana heri kuliko aliyesimama usiku kucha kiwandani. Anayebisha hilo hajui uchungu wa mwana. Nafuu ipo, na ilipiganiwa.

Ila naona awamu ya kwanza ilimnyang'anya mtu saa zake na mwili wake. Ya pili ilivinunua kwa bei nzuri, ikaondoka na akili kama nyongeza. Yule wa Ford alikaza nati moja tu, siku nzima, na fundi aliyekuwa ndani yake akafa taratibu, mfukoni ana dola 5. Je, haki ni kulipwa vizuri tu? Au mtu ana haki pia ya kazi inayomhitaji yeye, na si mkono wake peke yake?

Mimi naandika riwaya usiku. Miezi ile mitatu sikuandika hata ukurasa mmoja. Nilikuwa nashika kalamu, mkono unaendelea kufunga vifuniko.

Ujira niliupata wote, sikupunjwa hata shilingi. Mshikaji wangu, hizo kurasa nani atanilipa?