Daftari la Madeni Lilipofika Mbarara



Ndugu msomaji, katika likizo iliyopita nilimtengenezea mjomba wangu programu ya simu. Sikuandika msimbo hata mstari mmoja. Siku hizi zipo zana kama AppSheet na Glide: unaipa jedwali lako la Google Sheets, unachagua sura unayoitaka, na kabla ya Isha unayo programu yenye vitufe, orodha na michoro. Niliwaonyesha watu wengi hosteli, nikasifiwa. Leo naandika kuhusu ubaya ulioingia kupitia programu hiyo, na swali ambalo nimekuwa nikibishana nalo tangu hapo: jina la mdaiwa lililoandikwa dukani ni mali ya nani?

Mjomba ana duka New Congo, Nakivale. Kwa wasiopajua, Nakivale iko wilaya ya Isingiro, kama kilomita sitini kutoka hapa Mbarara, na imekuwa ikipokea wakimbizi tangu mwisho wa miaka ya 1950. Sisi tulitoka Uvira. Duka linauza posho, maharage, mafuta ya kupima, sabuni, chumvi. Mtaji si wake wote. Sehemu kubwa ilitoka kwa Hajji mmoja, mfanyabiashara wa mjini, mtu mwema. Wamepatana kwa mudharaba: Hajji ametoa pesa, mjomba anatoa kazi, faida wanagawana nusu kwa nusu.

Zamani kila mwisho wa mwezi mjomba alipanda teksi na daftari lake kwapani, wakaketi na Hajji, wakahesabu. Hajji alichoka kusubiri mwezi. Aliponiona akasema, “Kijana, wewe si unasoma kompyuta?” Basi nikaunganisha. Mjomba akiuza, anaandika kwenye simu yake, jedwali linabadilika, na muda mfupi baadaye Hajji, ofisini kwake Mbarara, anaona mauzo ya leo, bidhaa zilizobaki, na madeni. Kwenye ukurasa wa madeni palikuwa na jina, namba ya simu, alichochukua mtu, kiasi, na siku aliyoahidi kulipa. Kwa nini niliweka majina? Kwa sababu jedwali lilikuwa na safu ya majina. Sababu nyingine sikuwa nayo.

Wiki ya tatu, baada ya sala ya Ijumaa, nilikuwa nje ya msikiti na mwenzangu tunayelala chumba kimoja. Hajji akatujia kwa furaha, akamuuliza kijana kwao ni wapi. Akajibu Nakivale, akataja kijiji. “Kumbe wewe ni mtoto wa mama fulani!” akasema Hajji, akalitaja jina. “Mwambie mama amalizie ile elfu arobaini na tatu ya pale dukani, inaingia mwezi wa pili.” Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayefurahi kwamba dunia ni ndogo. Watu watatu wanne walikuwa karibu. Mwenzangu alicheka kile kicheko cha kumaliza maneno.

Hakuwa akijua kuwa mama yake anadaiwa. Siku mbili baadaye, usiku, taa imezimwa, akaniuliza tarehe ya deni lile. Nilikuwa nayo kwenye simu, nikaisoma. Akanyamaza, kisha akasema, “Ni wiki ile aliyonitumia pesa ya mtihani. Hilo deni ni mimi.”

Utetezi wangu wa kwanza ulikuwa kwamba hakuna aliyeiba. Mjomba aliridhia, Hajji aliridhia, mimi niliweka nywila. Kinasimuliwa kisa cha Sayyidna Umar aliyeparamia ukuta usiku, akamkuta mtu katika maasi nyumbani mwake, na mtu yule akamjibu kwamba yeye Umar amekosa mara tatu: amepeleleza, hakuingia mlangoni, na hakuomba ruhusa. Nikajiambia Hajji hakuparamia ukuta wowote. Mimi nilimpa ufunguo. Lakini ufunguo wa nyumba ya nani? Wote waliotoa ruhusa ni watu ambao majina yao hayakuwa kwenye ile safu.

Nikarudi kwenye aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, aya ya 282 ya Suratul Baqara. Sote tunajua inaamrisha deni liandikwe. Nilikuwa nimeisoma mara nyingi kama dalili kwamba hesabu nzuri ni ibada, na kwa hiyo programu yangu ni kazi ya kheri. Safari hii nilisoma polepole. Aya inamtaka mwandishi mwadilifu, ndiyo. Lakini anayetamka maneno ya kuandikwa si mwenye mali wala mwandishi. Ni yule mwenye deni. Yeye ndiye anayesema: nadaiwa kiasi hiki, hadi siku hii. Na akiwa dhaifu au hawezi kutamka, anatamka walii wake kwa uadilifu. Maandishi ya deni, basi, ni kauli ya mdaiwa iliyowekwa mbele ya watu anaowajua: aliyemkopesha, mwandishi, na mashahidi walioitwa. Kumwongeza msomaji mwingine aliye kilomita sitini, bila mdaiwa kujua, ni kuifanya kauli yake iseme kwa mtu ambaye hakumwambia.

Kuna jambo jingine katika aya hiyo hiyo lililonitia haya. Biashara ya papo kwa papo, mnayopeana mkono kwa mkono, inaondolewa: hakuna lawama msipoiandika. Programu yangu ilisifiwa kwa sababu ya data ya papo kwa papo, na iliandika kila kitu. Mzee akinunua sigara moja kwa pesa taslimu, ilikuwa na nafasi ya jina lake. Nilichosamehewa kukiandika ndicho nilichokiandika kwa wingi zaidi.

Nilikwenda kwa Hajji. Sitaki kumfanya mjinga hapa, maana hoja yake ni nzito kuliko wengi mnavyoweza kudhani. “Mwanangu,” alisema, “deni ni mali yangu iliyo mikononi mwa watu. Unataka nisijue mali yangu iko kwa nani?” Akaniambia kwamba miaka ya nyuma alishirikiana na mtu mwingine aliyebuni majina ya wadaiwa, akala bidhaa, akaandika kuwa zimekopwa. Bila majina, Hajji angemkamata vipi?

Nilimjibu kwa kidogo nilichosoma. Katika mudharaba mkono wa mfanyakazi ni mkono wa amana. Mtaji ukipotea bila uzembe wala hiyana yake, halipi. Na je, ana ruhusa ya kuuza kwa mkopo? Mafakihi wamehitilafiana: Mahanafi wameruhusu mkataba ukiwa haukuwekewa sharti, Mashafii wanataka idhini ya mwenye mali kwanza. Maana yake Hajji ana haki kubwa. Anaweza kukataza mkopo kabisa. Anaweza kuweka kikomo: jumla isizidi kiasi fulani. Akishuku, anaweza kuja dukani, akaketi na mjomba, daftari likafunguliwa kwenye mstari anaoushuku, kwa sababu anayoisema. Hizo zote ni haki juu ya mali. Kujua kila jioni, akiwa anakunywa chai, kwamba mama fulani leo amechukua unga wa deni na wala hakununua mafuta, ni kitu kingine. Hapo mali haichungwi, mtu ndiye anayechungwa. Hajji alisikiliza. Akasema, “Na kama mjomba wako ni mwizi?” Nikasema basi umeweka pesa kwa mtu asiye amini, na programu haitamfanya awe amini. Jibu hilo lilinipendeza nilipolitoa. Sasa silioni kuwa limemaliza jambo; aliyewahi kuibiwa ana haki ya kuogopa.

Lakini kuna kitu ambacho Hajji, mtu wa mjini, hakukiona, nami nilipaswa kukiona kwa sababu nimekulia kule. Sisi wa kambini tumezoea kuhesabiwa. Mwaka 2018 serikali na UNHCR walihakiki wakimbizi wa Uganda nzima kwa alama za vidole na mboni za macho, baada ya kushukiwa kwamba idadi zilizoripotiwa zilizidishwa. Uhakiki ule ulikuwa na sababu yake. Hata hivyo fikiria mama ambaye chakula chake, ukubwa wa familia yake, na uhitaji wake vimepangwa katika makundi na ofisi. Kwenye kaunta ya mjomba hakuulizwa kadi. Alisema “nitalipa tarehe kumi”, na neno lake likatosha kuwa posho. Pale alikuwa mtu anayeaminiwa. Mimi niliipeleka sehemu ile moja nayo kwenye jedwali linalosomwa na mwingine.

Marekebisho yangu ya kwanza yalikuwa ya uongo, na nawaeleza wanaosoma kompyuta ili wasirudie. Nilificha safu ya majina isionekane kwenye ukurasa wa Hajji. Safu iliyofichwa machoni inaweza bado kushuka kwenye simu pamoja na data nyingine, na jedwali lenyewe nilikuwa nimeliacha wazi kwa yeyote mwenye kiungo. Ilibidi nijenge jedwali la pili lenye jumla tu: mauzo, bidhaa zilizobaki, jumla ya madeni, idadi ya wadaiwa, na wangapi wamepitisha tarehe. Programu ya Hajji imeunganishwa na hilo peke yake. Majina yamebaki kwenye akaunti ya mjomba. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 nayo inataka data za mtu zikusanywe kwa kusudi maalumu na zisizidi kinachohitajika, lakini nakiri sikuikumbuka hata siku moja nilipokuwa nikijenga.

Mjomba aliongeza lake, ambalo nisingeliwaza. Sasa akimwandika mtu, anageuza simu, mtu asome mstari wake; asiyejua kusoma anasomewa kwa sauti ya chini. Wiki ya kwanza bibi mmoja akasema, “Hapana, nilikupa elfu tano siku ya mvua.” Ilikuwa kweli. Michoro ile mizuri ya Hajji ilikuwa imekosea muda wote huo. Wateja wawili walikataa kabisa kuandikwa kwenye simu. Mjomba akatoa daftari la zamani chini ya kaunta, akawaandika humo, na jumla yao anaiingiza kwa mkono.

Mwenzangu nilimwomba msamaha. Akasema mwenye kusamehe ni mama yake. Mwisho wa muhula nikaenda Nakivale. Mjomba aliniambia kwamba mama yule alilipa elfu arobaini na tatu zote wiki ile ile, na tangu hapo hajarudi. Ananunua duka la mbali, ng'ambo ya soko, kwa pesa taslimu. Nilikwenda kwake baada ya Alasiri. Alinikaribisha, akatandika mkeka, akanipa chai na mihogo. Nilipofungua mdomo kusema nilichojia, aliniuliza mitihani ilikwendaje, na kama mwanawe anakula vizuri.